"Giza Halikuiweza": Mbona Kwangu Limeweza?

"Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mimi ni mama wa miaka 38, Mlutheri, naishi Njombe na nimeimba kwaya tangu usichana. Mwezi wa tano mwaka jana tulimzika mama yangu mzazi. Tangu hapo nikipiga magoti kuomba naona giza tupu, kama naongea na ukuta. Nyimbo zilizokuwa zikinitoa machozi sasa ni maneno tu mdomoni. Nalala saa nne, saa nane nimeshaamka, na usingizi haurudi tena mpaka jogoo awike. Mtumishi mmoja aliniombea akasema kuna roho ya giza ya ukoo wetu, nifunge siku 21 na nitoe sadaka ya ukombozi ya shilingi 300,000. Nilifika siku ya 9 nikaanguka kwenye mazoezi ya kwaya. Dada mmoja wa kikundi cha maombi ananiambia nina dhambi niliyoificha, nitembee nuruni. Mume wangu anasema nawaza sana. Yohana 1:5 inasema giza halikuiweza nuru. Mbona kwangu limeweza? Je, Mungu ameniacha? Na niendelee kusimama na kwaya, au huo ni unafiki?"

Amina, dada yangu. Pole sana kwa msiba wa mama. Na pole kwa mwaka mzima wa kubeba mzigo huu huku kila unayemweleza akikuongezea jiwe juu yake.

Nianze na la haraka, theolojia itafuata. Funga hiyo iache leo. Usiimalizie, usiilipie "deni" la siku 12 zilizobaki. Mtu ambaye hajalala vizuri kwa mwaka mzima, na ameshaanguka mbele za watu, hana cha kufunga. Mwili wake umeshafunga bila kuulizwa. Kunywa uji, kula, halafu tuendelee kuongea. Wala si mimi niliyeanza kutoa ushauri huu. Eliya alipokaa chini ya mti wa mretemu akaomba afe, Mungu hakumtumia mahubiri. Alimtumia malaika na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena, akalala. Mazungumzo ya Horebu yalikuja baadaye sana, baada ya milo miwili na usingizi wa kutosha. Iko 1 Wafalme 19, isome ukishashiba.

Sasa lile andiko linalokusumbua. "Nayo nuru yang'aa gizani, wala giza halikuiweza." Unalisoma kama ahadi kwamba aliye na nuru hataliona giza, na kwa kuwa wewe unaliona, unahitimisha kwamba kwako ahadi imevunjika. Angalia tena lilivyoandikwa. Nuru yang'aa wapi? Gizani. Yohana hakusema giza limeondolewa kwanza ndipo nuru ikaingia. Anatuambia viwili hivyo viko mahali pamoja kwa wakati mmoja, na kwamba katika kukutana kwao huko, giza ndilo lililoshindwa.

Neno la Kigiriki alilotumia, katelaben, maana yake ni kushika, kukamata, kulitia kitu mkononi mwako. Mzizi huohuo unatokea tena Yohana 8 kwa yule mwanamke aliyefumaniwa, na Yohana 12:35 pale Yesu anaposema tuenende tungali na nuru, "giza lisije likawaweza". Wapo wanaolifasiri kwa maana ya kuelewa, kwamba giza halikuielewa nuru, na neno lenyewe linaruhusu. Mimi nawapenda wafasiri wetu wa Biblia ya Muungano kwa kuchagua "kuweza", kwa sababu Kiswahili kina siri yake hapo. Mtu akikubana kwenye mabishano mpaka ukakosa la kusema, unacheka na kumwambia: leo umeniweza. Hivyo ndivyo giza lilivyojaribu kuifanya nuru, likakosa. Lilijaribu kuishika, ikawa haishikiki. Kwa hiyo swali la kujiuliza si "je, naliona giza?" Kuliona unaliona, nami nakuamini. Swali ni kama giza hilo limemkamata Kristo, na hilo halikutokea hata siku ile lilipojaribu kwa nguvu zake zote.

Siku ile unaijua. Marko anaandika kwamba saa sita palikuwa na giza juu ya nchi yote hata saa tisa. Sisi wasomaji wa Kiswahili tuna bahati ndogo hapa: saa zetu na saa za Biblia zinahesabiwa kwa namna moja, hatuhitaji kugeuza chochote. Saa sita ya mchana, jua la utosi, giza. Na ndani ya giza hilo Mwana wa Mungu mwenyewe akalia, "Mungu wangu, mbona umeniacha?" Swali lako, dada, lilikwisha kuulizwa na yeye kabla yako, kwa sauti kuu, na hakuna aliyemwambia aende akatubu dhambi aliyoificha.

Nakuja kwa washauri wako, na nitajaribu kuwatendea haki.

Yule mtumishi wa siku 21 ana nusu ya kweli mkononi. Nguvu za giza zipo. Paulo anazitaja kwa Waefeso, na kwa Wakolosai anasema Mungu alituokoa katika nguvu hizo akatuhamisha. Sikatai, na sitaki mtu asome barua hii akasema mchungaji haamini mapepo. Ila tazama kitenzi cha Paulo: *alituokoa*. Kimekwisha kutendeka. Aliyehamishwa hana nauli ya kulipa tena. Habari ya roho ya ukoo inayorithiwa kama shamba, Ezekieli 18 aliikemea waziwazi: mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Na zile shilingi 300,000? Petro aliwahi kuletewa fedha kwa ajili ya kipawa cha Mungu, na jibu lake liko Matendo 8:20. Kali kidogo, sitalinakili hapa, lakini lisome kabla hujafungua pochi.

Wa pili, dada wa kikundi cha maombi, namwelewa zaidi, maana nimekulia kwenye lugha yake. "Kutembea nuruni" ni msemo wenye historia ndefu Afrika Mashariki. Ulishika mizizi katika ule uamsho uliowaka kuanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukavuka mpaka Uganda, Kenya, Burundi na Tanganyika. Watu walikaa pamoja wakasema wazi yaliyomo mioyoni mwao: aliyeiba alisema ameiba, aliyemchukia mwenzake kwa sababu ya kabila alisema. Mwafrika na mmisionari walitubiana uso kwa uso katika enzi ambayo hata kunywa chai meza moja halikuwa jambo la kawaida. Walikuwa wanaiishi 1 Yohana 1:7, "tukienenda nuruni, kama yeye alivyo katika nuru, twashirikiana sisi kwa sisi".

Lakini soma aya hiyo inavyokwenda. Kuenenda nuruni kunazaa ushirika, na damu ya Yesu inaendelea kusafisha. Maana yake walio nuruni ni watu ambao bado wana vya kusafishwa na hawavifichi. Nuru ya Yohana ni uwazi. Hakuna aya anayosema ni joto fulani kifuani au amani inayotiririka wakati wa pambio. Kwa kipimo hicho, wewe uliyeandika "nikiomba naona giza tupu" umetembea nuruni kuliko wengi wetu tunaosimama Jumapili na kusema "tumebarikiwa sana" huku nyumbani hapakaliki. Nasema "wengi wetu" kwa makusudi. Nimeshakuwa mmoja wao.

Je, haiwezekani kabisa kwamba kuna dhambi? Inawezekana, kama ilivyo kwangu na kwa yule dada. Yohana huyohuyo anasema amchukiaye ndugu yake yu gizani, kwa hiyo kama mna ugomvi wa urithi wa mama na ndugu zako, usiuache ulale. Kuna njia moja ya kupima ambayo imenisaidia. Roho Mtakatifu akihukumu, hutaja jambo: jina la mtu, siku, maneno uliyosema, na humo humo hukuonyesha mlango wa kutokea. Mshitaki, yaani Shetani, yeye hutupa wingu zima: wewe ni mbaya, hufai, tafuta kosa lako. Ukiambiwa utafute dhambi ambayo hata anayekuambia haijui, wewe huijui, na Mungu hajaitaja, acha kuchimba. Wanafunzi walimwona kipofu tangu kuzaliwa wakauliza moja kwa moja: ni nani aliyetenda dhambi, huyu au wazazi wake? Swali la kikundi cha maombi na swali la roho ya ukoo, yote mawili kwa pumzi moja! Yesu akayakataa yote mawili.

Sasa nikueleze ninachodhani kinatokea, kwa sababu nafikiri hakuna aliyekueleza.

Nimekuwa mchungaji kwa miaka 26, na 11 kati ya hiyo nilihudumu hospitalini, nikizunguka wodini. Jambo ambalo chuo cha theolojia hakikunifundisha, wodi ilinifundisha: hatuna kiungo maalumu cha kumhisi Mungu. Utamu unaousikia katika wimbo, machozi yanayokuja wakati wa sala, ile hali ya kuhisi kwamba Mungu yuko karibu, vyote vinapita kwenye mwili huohuo na akili hiyohiyo unayotumia kuonja chakula, kumfurahia mtoto, kucheka na jirani. Msiba ukiingia, na hasa usingizi ukikatika kwa miezi, njia hiyo inaziba. Haizibi kwa ajili ya Mungu peke yake, inaziba kwa vyote. Basi jiulize kwa utulivu: mboga unayoipenda ina ladha? Unapomwona mwanao anacheza, furaha inafika au inaishia njiani? Kama kila kitu kimefifia, basi tatizo liko kwenye dirisha. Jua halijaenda popote.

Nitakupa mfano wa barabara unayoijua. Mwezi wa sita na wa saba, kati ya Makambako na Njombe, ukungu unashuka mpaka huioni boneti ya gari. Dereva mgeni, akiogopa, anawasha taa kubwa. Kinachotokea? Mwanga unaligonga lile pazia la ukungu na kumrudia machoni, anaona kidogo kuliko mwanzo. Dereva mwenyeji anashusha taa, anapunguza mwendo, anafuata ukingo wa barabara mita chache mbele yake. Wewe umeambiwa uwashe taa kubwa: maombi marefu zaidi, kufunga zaidi, kulia zaidi. Na kadiri unavyoongeza ndivyo ukuta unavyozidi kuwa mweupe mbele yako. Ukungu hauondoki kwa taa. Unaondoka kwa wakati wake, jua likipanda.

Mume wako naye, "unawaza sana" ni maneno ya mtu anayekupenda na ameishiwa la kusema. Nitarudi kwake mwishoni.

Kuna watu wa Mungu waliopita hapo ulipo, nami nataka uwajue wachache. Musa, katika Kutoka 20:21, watu waliposimama mbali, yeye "akalikaribia lile giza kuu Mungu alipokuwapo". Sijui kama umewahi kuisikia aya hiyo ikihubiriwa; mimi niliipita miaka mingi bila kuiona. Yohane wa Msalaba, mtawa wa Hispania, alifungwa na watawa wenzake huko Toledo miezi kama tisa, 1577 mpaka 1578, katika chumba kidogo mno kisicho na dirisha la maana. Akatoka humo na mashairi, na baadaye mafundisho juu ya usiku wa giza wa roho. Alifundisha alama za kutambua usiku huo: mtu hapati utamu kwa Mungu wala kwa kitu kingine chochote, hawezi kutafakari kama zamani, lakini *anahangaika* kwamba hamtumikii Mungu. Aliyepoa kiimani hahangaiki. Barua yako imejaa kuhangaika, na kwa kigezo chake hiyo ni dalili njema. Pia alikuwa mtu makini: alijua kwamba kuna huzuni ya maradhi ya mwili, na kwamba inaweza kuchanganyika na usiku wa roho. Alisema hayo karne ya 16, na bado leo tuna watumishi wasioitambua tofauti hiyo. Karibu na zama zetu kuna Mama Teresa wa Kolkata, aliyefariki 1997. Barua zake kwa waungamishi wake zilipochapishwa mwaka 2007, ulimwengu ulishangaa kusoma kwamba kwa karibu miaka 50 hakuhisi uwepo wa Mungu karibu kabisa. Nakutajia huyu kukuonyesha kwamba mtu anaweza kukosa hisia na akawa bado ameshikwa. Sikutabirii miaka 50, tafadhali.

Lakini anayekuhusu kuliko wote ni mwimbaji. Fungua Zaburi 88. Ndiyo zaburi yenye giza kuliko zote 150: zaburi nyingi za kilio mwishoni hupanda juu kidogo, hii haipandi. Mstari wake wa mwisho, katika Biblia yetu, unaishia na neno *gizani*. Kisha soma kichwa chake: zaburi ya wana wa Kora, kwa mwimbishaji, na jina la Hemani limeandikwa juu yake, jina tunalolikuta pia miongoni mwa waimbaji wakuu wa Daudi. Wana wa Kora walikuwa kwaya ya hekalu, dada yangu. Wimbo wa giza totoro, usio na "lakini" mwishoni, ulitungwa na wanakwaya, ukawekwa kwenye kitabu cha nyimbo, na kizazi baada ya kizazi wakausimamia wakauimba mbele za Bwana. Hakuna aliyeutoa akisema hauna ushindi.

Hapo ndipo lilipo jibu langu kuhusu unafiki. Mnafiki, kwa asili ya neno la Kigiriki, ni mwigizaji: anavaa sura ili watazamaji wamwone vingine. Wewe hujatafuta kuonekana. Umeandika kwa mchungaji ukiwa na hofu kwamba unaonekana vizuri kuliko ulivyo. Kuimba "Bwana ni nuru yangu" wakati huoni kitu si uongo, kwa sababu hudai kwamba unahisi. Unaungama jambo ambalo kanisa zima linaliamini, na leo wewe unaliamini kwa kuegemea sauti za wenzako. Ndiyo maana ipo sauti ya kwanza mpaka ya nne. Mmoja akiishiwa pumzi, wimbo haukatiki.

Hata hivyo si lazima kila kitu kibaki kama kilivyo. Kama unaongoza pambio au unapangiwa kuimba peke yako, omba kupumzika. Rudi nyuma, simama katikati ya sauti yako, imba unapoweza, nyamaza unapokwama. Kuacha kwaya kabisa nisingekushauri sasa: ungeupoteza usiku mmoja wa wiki ambao una watu, na mtu aliye kwenye hali yako akikaa peke yake hali huzidi. Lakini kama kila zoezi linakuacha umechoka siku mbili, pumzika mwezi mzima bila kujishitaki. Utaona mwenyewe.

Kuhusu sala, punguza. Najua si ushauri unaoutarajia kwa mchungaji. Baba Yetu asubuhi, zaburi moja jioni, basi. Na zaburi hiyo iwe ya kulia kama 13, 42 au hiyohiyo 88. Ukiamka saa nane ya usiku, usiigeuze kuwa mkesha wa kivita. Kaa, jifunike, kunywa maji ya moto, useme "Bwana, niko hapa", urudi kitandani. Isaya 50:10 inauliza ni nani amchaye Bwana na kuitii sauti ya mtumishi wake, halafu inamweleza mtu huyo: "aendaye katika giza, wala hana nuru". Mcha Mungu, mtiifu, na hana nuru! Anaambiwa nini? Awashe? Hapana, aegemee: alitumainie jina la Bwana. Na mstari wa 11 unawaonya wale wanaojiwashia mienge yao wenyewe ili waondoke gizani haraka. Hao, Isaya anasema, watalala kwa huzuni. Nikisikia habari za sadaka za ukombozi naukumbuka mstari huo.

Wazee wa pwani wana hesabu nzuri ya siku. Wakisema "usiku wa Ijumaa" wana maana ya usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, kama ilivyo katika Mwanzo: ikawa jioni, ikawa asubuhi, siku moja. Usiku ni sehemu ya kwanza ya siku. Mungu alipoiumba nuru hakulifuta giza. Alilitenga, akalipa jina, akaliwekea mpaka. (Na Kiswahili kinatutania hapa pia: neno hilohilo *mwanga* ni nuru na ni mchawi anayeruka usiku. Kuna "watu wa nuru" ambao ukiwaangalia vizuri hujui ni mwanga wa aina gani.)

Nikuambie kosa langu. Nikiwa vikari, yaani mchungaji mwanafunzi, nilikwenda kwa mjane aliyezikiwa mumewe wiki mbili kabla, nikamsomea Zaburi 30, "huenda kilio huja kukaa usiku, lakini asubuhi huwa furaha". Nikafunga Biblia nikiwa nimeridhika. Akaniuliza, "Mchungaji, asubuhi ni saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Nilipaswa kukaa naye mpaka usiku uishe kiasi chake, mimi nilikuwa na ibada nyingine saa kumi.

Miaka kadhaa baadaye rafiki yangu padre alinialika kwenye mkesha wa Pasaka. Kanisa lote lilizimwa taa. Moto uliwashwa nje, mshumaa mkubwa wa Pasaka ukawashwa kwenye moto huo, ukaingizwa ndani mwali mmoja tu. Mimi nilikaa mabenchi ya nyuma kabisa kwa sababu ya ugeni. Nilichokiona kutoka huko ni kwamba nuru ilikuwa imeshaingia kanisani, kila mtu alijua imeingia, watu wa mbele walikuwa wanaonana sura, na benchi letu lilikuwa bado giza. Kisha ule mwali ukaanza kupitishwa, mshumaa kwa mshumaa. Uliponifikia haukutoka kwa padre. Alinigeukia mama mmoja mzee, akakinga mwali kwa kiganja usizimike, akaniinamishia wake. Ninapoisoma Yohana 1:5 siku hizi nakikumbuka kile kiganja.

Kwa hiyo nakuomba umtafute mtu wa ana kwa ana. Barua haitoshi. Mchungaji wako wa usharika, au mwinjilisti mnayeheshimiana, au mama mtu mzima ambaye amewahi kuzika na hana haraka ya kukurekebisha. Mwambie kama ulivyoniambia. Akianza kutafuta pepo kabla hujamaliza sentensi ya pili, mshukuru, tafuta mwingine.

Na uende hospitali. Hili nalisema kwa uzito uleule wa mengine yote. Majonzi ya kawaida huja kama mawimbi: leo unalia, kesho unakumbuka utani wa mama na unacheka. Hali isiyopanda wala kushuka, kukosa ladha ya kila kitu, kuamka saa nane kila usiku, nguvu kuisha, kwa zaidi ya majuma mawili mfululizo (wewe una mwaka) inafanana sana na sonona. Sonona ni ugonjwa, una matibabu, na kuupata hakukuondolei wokovu kama vile malaria haikuondolei. Nenda hospitali ya mkoa au Ilembula kama ndiko karibu, ueleze yote mawili: usingizi na kuanguka. Huenda wakapima presha, sukari, wingi wa damu na tezi ya shingo, maana damu ikipungua au tezi ikilegea, dalili zinafanana. Wakikupa ushauri nasaha, hudhuria. Wakikupa dawa, ujue nyingi huchukua wiki kadhaa kuanza kusaidia, kwa hiyo usiiache siku ya tano ukidhani haifanyi kazi, na usiiache ghafla baadaye kwa sababu mtu amekuombea ukajisikia nafuu. Omba na umeze. Isaya anasema juu ya mtumishi wa Bwana kwamba "utambi utokao moshi hatauzima". Utambi wa namna hiyo huongezewa mafuta, na wakati mwingine mafuta yanatoka dirisha la dawa.

Hukuandika kwamba umewahi kutamani kufa, lakini mtu hawezi kuandika kila kitu, kwa hiyo naliuliza waziwazi. Kama wazo la kwamba ingekuwa heri usiwepo limepita, hata mara moja, hata kama unaliona ni la kijinga, usisubiri miadi. Mwamshe mume wako usiku huohuo umwambie, usilale peke yako, na asubuhi mwende hospitali wawili. Kumwambia mtu wazo hilo si kulipa nguvu. Kunalitoa mafichoni.

Kuhusu mume wako: nadhani akijua la kufanya atalifanya. Mpe simu asome kipande hiki mwenyewe.

Shemeji, habari za leo. Mkeo hawazi sana. Amechoka, na uchovu wake una sababu inayoweza kutibiwa. Sikuombi umweleze Maandiko. Akiamka saa nane usiku, amka naye, hata kwa dakika kumi, umchemshie maji. Jumatatu omba ruhusa kazini umpeleke hospitali, na foleni mkae wote. Mkiitwa kwa daktari, ingia naye, kwa sababu kuna mambo ya usiku ambayo wewe umeyaona na yeye atasahau kuyasema. Na zile laki tatu, kama bado hazijatolewa, ziwe za nauli na vipimo.